Bilauri ya Barafu

Miaka kumi na mmoja nimelinda tangi la maji ya chumvi
kiwandani, nyuma ya soko la samaki, Malindi,
na kila saa, usiku kucha,
nimegonga kioo kwa ukucha, mara mbili,
mshale ukatetemeka, ukatulia,
nami nikaandika daftarini: hasi nane.
Hasi nane. Hasi nane.
Wino wa buluu, mwandiko wa kujivunia.

Chini yake chuma, urefu wa mkono, unene wa dole gumba,
kimezama humo tangu enzi za Mzee Shebwana,
shingoni, penye shaba, kimeota ukijani.

Jumanne akaja Kadzo, bintiye Karisa Yeri,
na kitu ndani ya karatasi ya peremende.
Nikadhani punje ya pilipili manga.
Punje yenye miguu mitatu:
mmoja mwekundu, mmoja mweusi, mmoja wa manjano.
"Kihisi," akasema. "Cha dijitali."
Nikacheka hadi nikaegemea mlango.
Kitu cha bei ya wali kwa maharagwe
kije kusahihisha chuma hiki?

Cha kwanza kilikufa siku ya tatu. Chumvi.
Sikuificha furaha yangu.
Cha pili akakivika ganda la kalamu,
akakiziba kwa gundi, akakizamisha.
Kikasema: hasi tano.

Basi mmoja wao mwongo.
Kadzo hakubishana. Aliponda barafu,
akajaza bilauri, akatia maji kidogo, akakoroga.
"Hapa ni sifuri," akasema,
"na sifuri haijui mkubwa wala mdogo."
Tukavitumbukiza vyote viwili.
Kidogo kikasoma sifuri.
Chuma changu: hasi tatu,
bila haya, bila hata kutetemeka.

Ndipo nikamkumbuka Bi Mishi, muuza nguru,
aliporudi na gunia linachuruzika:
"Barafu yenu laini. Yaisha sijafika Gede."
Nikamfungulia daftari mbele ya watu.
"Soma mwenyewe, mama. Hasi nane."
Naye hasomi.
Alifumbata kipande kiganjani, akanitazama,
akakiacha kidondoke.

Chuma nimekitoa, kipo rafuni.
Sikukitupa. Kilichoka tu,
na hakuna aliyewahi kukiuliza.

Siku hizi namba zajiandika zenyewe.
Lakini saa nane ya usiku, nikipita,
nagonga kile kioo kipya kwa ukucha, mara mbili.
Hakitikisiki.

Kesho nitampelekea Bi Mishi gunia, bila malipo.
Sijui nitaanza na neno gani.