Dakika Saba

Mililita mbili za damu ya Aikaruwa
ndani ya kichupa kikavu cha kioo.
Nimekifumbata, kipate joto la mtu.

Miezi tisa mwili wake uliweka akiba ya kuganda,
kama wanawake wa Kibosho wajazavyo kuni darini
kabla ya masika.
Akiba hiyo imeungua yote usiku mmoja.

Dakika ya nne. Ndeshi mkunga
anaukanda mji wa mimba, hasemi.
Khanga ya tatu imelowa.

Mlangoni mama mkwe, na hotipoti ya mtori:
"Wa kike au wa kiume?"

Dakika ya saba nainamisha kichupa.
Inateleza. Maji matupu.

Nakunja mkono wa shati.
Kundi O, Ndeshi. Yangu bado inaganda.