Haijasawazika

Mwalimu Kalunde kaandika ubaoni:
haidrojeni, oksijeni, mshale, maji.
"Sawazisheni."

Mimi, mwenye haraka, nikachomeka mbili ndogo
chini ya O, upande wa maji. Pande zikalingana.
Akacheka. "Maji yako wapi, Mihambo?
Hii ni dawa ya kuoshea vidonda. Kunywa basi!"

Tarakimu ya chini usiiguse,
hiyo ndiyo nasaba ya kitu.
Weka yako mbele, kama ahesabuye mbuzi
bila kumwongezea mbuzi mguu.

Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.
Mbili mbele ya haidrojeni. Mbili mbele ya maji.
Nne kwa nne, mbili kwa mbili.
Hakipotei kitu, hakizuki kitu.

Jumamosi nilimsindikiza baba Sikonge na tumbaku.
Nyumbani robota lilipimwa kilo hamsini na mbili.
Kwa mnunuzi mshale ukagota arobaini na saba.
"Unyevu," karani akasema. "Umekwenda hewani."

Hewani?
Nikaokota kijiti, nikachora mchangani:
kushoto hamsini na mbili,
kulia arobaini na saba, kujumlisha unyevu
wa njia ya kilomita sita, alfajiri, kwenye baridi,
chini ya turubai.

Baba akanivuta mkono. Twende.

Jumatatu nilimwonyesha mwalimu daftari.
Hakutia vema, hakutia kosa.
Alilizungushia duara jekundu neno *hewani*,
akakaa kimya kidogo,
pembeni akaandika:
Bado haijasawazika.