Kwa Fiorindo, Jeshini

Bahasha ilikuja bila namba.
"Kwa Fiorindo wangu, jeshini." Basi.
Chini yake, kwa mwandiko wa padri asiye na haraka:
"yule anayepiga chafya akitazama jua."
Muhuri wa parokia ulikuwa umelowa theluji,
limebaki doa la samawati
kama jicho lililopigwa ngumi.

Nilikuwa mpanga barua kituo cha Belluno,
ndani ya behewa lililong'olewa viti.
Cosimo, mwenzangu, akasema: tupa.
Jeshi si mtu wa kuitwa dirishani.

Ni kweli. Gunia zima la turubai, hilo ni divisheni,
watu elfu kumi na kitu
pamoja na nyumbu wao na waoka mikate wao.
Ulifungue: mafurushi mawili, brigedi mbili.
Kila furushi, kamba mbili, ndizo rejimenti.
Kila kamba, batalioni tatu,
na ndani ya batalioni kombania,
kibunda cha kushikika kwa mkono mmoja.
Hapo kazi yangu inaisha.
Yaliyobaki hufanyika huko juu,
gizani, na mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi.

Sikuitupa. Niliipandisha na kikaratasi.

Divisheni ya kwanza ilirudisha kwa penseli nyekundu: Hatuna.
Ya pili: Akina Fiorindo tunao kumi na wawili. Yupi?
Nikaandika: wa chafya.
Wakajibu: Divisheni haipigi chafya.

Nikaomba basi ishuke ngazi kwa ngazi.
Kanali aliijua rejimenti yake kwa upungufu,
wangapi wametoka, wangapi wameletwa kujaza.
Meja wa batalioni aliwajua maofisa
na farasi wa maofisa.
Kapteni Beltrame alikuwa na nyuso mia na sitini kichwani,
lakini zote chini ya kofia,
zote zikitazama mbele.
Akaipeleka kwa luteni wa platuni ya tatu,
kijana wa miaka ishirini na mmoja,
anayejua nani hukoroma na nani hulia usingizini.
Huyo alijibu kwa adabu:
"Tuko upande wa kivuli cha mlima.
Tangu Novemba hatujaliona jua.
Hata kama yupo, atapigaje chafya?"

Nilicheka. Kisha sikucheka.

Kumbe seksheni moja ilikuwa mbele zaidi,
watu tisa katika pango lenye upana wa meza ya kulia,
na hapo, saa sita na robo,
jua hupenya kwenye ufa wa mwamba
kwa muda wa kuvuta sigara moja.
Koplo Tizian alipoisoma bahasha hakuuliza jina.
Kila siku saa hiyo alikuwa akimfunika mtu blanketi kichwani
na kumkalia,
kwa sababu adui alikuwa mita themanini, na ana masikio.

Siku ya arobaini na moja, barua ikafika.
Fiorindo hakujua kusoma. Akasomewa pale pale chini ya blanketi:
ng'ombe amezaa jike,
paa la zizi limeshikilia,
mjomba Sante bado anadai ule msumeno.

Jibu lilipita mikononi mwangu likishuka.
Koplo alikuwa ameandika anwani kamili:
seksheni, platuni, kombania, batalioni,
rejimenti, brigedi, divisheni,
mistari saba kumzunguka mtu mmoja
kama soksi juu ya soksi.

Padri aliniandikia baadaye.
Mama Orsola aliuliza hao wengine wote ni nani,
na kama nao wanakula kwenye chungu cha mwanawe.
Kisha akaikariri yote, asubuhi na jioni, akikamua,
maana rozari alikwisha izoea.

Barua yake ya pili ilifika kwa siku sita.
Ya tatu niliiweka mwenyewe kwenye kibunda.
Machi walinihamishia stoo ya viatu.
Huko watu wamepangwa kwa saizi,
na hakuna wa kumuuliza kuhusu jua.