Penye Riziki

Mvua ya Ikuti haina adabu, haipigi hodi.
Ilinyesha siku tulipomzika Ambakisye,
ikanyesha matanga yote, ikanyesha
hata kuni za darini zikaota kuvu.

Wengi walikuja na maneno.
Subilaga alikuja na makaa ya moto kwenye kopo,
mkungu wa mbalaga kichwani,
akainama jikoni kwangu, akapuliza
mpaka machozi yakamtoka.
Ya moshi, alisema. Sikumbishia.

Usiku wa tisa nilimwambia kweli:
Sali wewe. Mimi kinywa kimefungwa,
nikisema Baba, naona jeneza.
Hakunikemea. Hakufungua kitabu.
Alivuta blanketi, tukagawana, miguu yake barafu,
akaanza ile sala ya utotoni, polepole,
kama apandaye kilima na mgonjwa kwenye machela,
akisema maneno yake na yangu.

Ndivyo tulivyokwenda, jioni baada ya jioni,
yeye akisali, mimi nikimenya ndizi.

Hata mwezi wa sita, baridi ya kung'ata masikio,
alifika penye riziki, akakohoa, akanyamaza.
Nikangoja. Manyunyu juu ya bati. Ng'ombe akacheua.
Nani angeiacha sala imesimama hivyo,
kama mzigo katikati ya mto?

Nikaupokea.
Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa yangu.

Hadi leo sijamuuliza
kama kikohozi kile kilikuwa cha kweli.