Zamu ya Saa Tisa

Asubuhi ya kwanza nilidhani paa linavuja.
Nikatazama juu: mabati makavu.
Nikatazama chini: ziwa dogo la rangi ya chai
limetambaa toka jikoni hadi mguu wa kabati,
na mbwa ameketi kando, anautazama ukuta
kana kwamba ukuta ndio uliofanya.

Ya pili, hivyo hivyo.
Ya tatu nilikanyaga, na soksi miguuni.

Mimi ni Masika. Kwetu Bukonzo
ni jina la binti wa kwanza. Kwa Kiswahili ni mvua,
ile ndefu, isiyobisha hodi.
Nikamwambia mbwa: naona wewe umechagua Kiswahili.

Nje hapalaliki tena. Mto ulichukua kibanda,
wezi wakachukua mbwa wa jirani.
Basi nikamwaga majivu, nikasugua kwa sabuni ya mche,
kwa ndimu, kwa maji ya moto, kwa hasira.
Harufu ikatoka puani mwangu,
ikabaki puani mwake.

Mama Kabugho aliegemea ua:
"Mshike shingo, msugue pua palepale, kisha fimbo."
Nilijaribu mara moja. Nasema kwa aibu.
Usiku ule hakukojoa jikoni.
Alikojoa nyuma ya kiti cha Thembo,
gizani, kama mwenye deni.

Kijana wa mifugo akapanda Kilembe kwa bodaboda,
chupa za chanjo zikigongana mkobani.
Akambonyeza tumbo, akamtazama ulimi.
"Hana ugonjwa. Mpe posho mapema, jua lingalipo.
Bakuli la maji uliinue kabla ya taarifa ya habari.
Mtoe kabla hujalala, mahali palepale kila siku,
na akimaliza, msifu."
Nimsifu!
Nimezaa sita, hakuna niliyempigia makofi kwa mkojo.
Akafunga mkoba, halafu, kama anayeuliza bei ya nyanya:
"Huyu huamka saa ngapi?"

Sikujua.
Nikatandika mkeka karibu na mlango, tochi mkononi.
Nyamwamba ilikuwa ikisaga mawe yake kule chini.
Saa saba, kimya. Saa nane, kimya.
Saa tisa kamili akainuka, akajinyoosha,
akaenda mlangoni.
Hakukwaruza. Hakulia. Alisimama tu,
kama anayejua kuna mtu anavaa buti.

Hapo nikaketi.

Miaka kumi na minne Thembo alilinda ghala la kampuni,
na saa tisa ndiyo ilikuwa saa ya kuzunguka:
filimbi moja, tochi, mbwa mbele,
mti wa kwanza wa mbwa, mti wa pili wa bwana.
Alinisimulia akicheka. Ndiyo maana alimwita Zamu.
Mimi nilikuwa nimelala. Miaka yote hiyo, nimelala.
Thembo tulimzika mwezi wa tatu,
na hakuna aliyemwambia mbwa kwamba kazi imekwisha.

Nikavaa koti lake, mikono ikanipita vidole.
Nikavaa buti zake, kwapu, kwapu, hadi nje.
Baridi ya mlimani ikanishika masikio.
Zamu akanusa, akazunguka, akanigeukia,
akainua mguu.
"Vizuri," nikasema. Kisha kwa sauti:
"Vizuri sana, mzee wangu."
Sijui nilikuwa namwambia nani.

Toka hapo nikaisogeza saa kidogo kidogo,
kama anayesogeza kitanda asimwamshe mtoto:
tisa na robo, tisa na nusu, kumi.
Mara mbili tulianguka tukaanza upya.
Sasa Zamu anakoroma hadi jogoo,
sakafu imekauka mpaka nyufa zake nazijua,
na Mama Kabugho anataka jina la dawa.

Ila saa tisa mimi naamka.
Nausikia mto. Naenda mlangoni.
Sikwaruzi, silii.
Zamu anafungua jicho moja,
anaona ni mimi, analifumba.