Suruali ya Baba Imekuwa Jabali

Siku ya tatu, umeme haujarudi.
Theluji imepanda hadi kwenye kitasa cha mlango,
na Ghuba ya Kettle yote, nyumba kumi na tisa,
kila moja inatoa moshi wake peke yake
kama watu walionuniana.

Lije amekwisha kulilia katuni zake.
Dulcie amekwisha kunilaumu mimi kwa betri.
Ndipo Mama anapoburuta fremu kutoka uvunguni,
mbao nne, kamba, misumari yenye kutu,
anawamba juu yake gunia la viazi
likaze kama ngozi ya ngoma.
"Leteni matambara," anasema.
"Sitaki mazuri. Nataka yaliyokata tamaa."

Tukaleta
sweta ya Dulcie iliyochemshwa kwa bahati mbaya
ikabaki ya kumvika mwanasesere,
soksi zenye madirisha,
blanketi ambalo nondo walishalirithi,
fulana ya hoki ya Mjomba Ambrose,
timu ambayo haikuwahi kushinda hata ugenini.

Sufuria ya kwanza: maganda ya vitunguu.
Shuka nyeupe iliingia, ikatoka na rangi ya siagi.
Sufuria ya pili: majani ya chai ya wiki nzima,
na mto wa Lije, aliyesahau kuutoa,
ukawa mto wa kahawia mpaka leo.

Kulabu ni msumari uliopindwa
na kuchomekwa kwenye mpini wa bisibisi.
Inazama, inapapasa gizani chini ya gunia,
inarudi na kitanzi kidogo
kama sikio la panya.
Zama, papasa, vuta.
Zama, papasa, vuta, aa, umekosa, fumua.

Mama alikuwa amechora kwa mkaa nyumba yetu
juu ya jabali lake, dohani, vichwa vitatu dirishani.
Cha Lije alikifanya kikubwa, kwa kuwa alikuwa akitazama.

Mikono ilipochoka tulifungua mkebe wa vifungo.
Unafumba macho, unachopoa kimoja,
unasimulia kilikotoka.
Uongo ruksa,
mradi uwe na mikono na kola.
Lije akapata cha shaba:
"Hiki ni cha tarishi aliyemezwa na dubu.
Dubu alirudisha kifungo tu. Na barua mbili."
Dulcie akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Usiku wa nne, kijivu kikatuishia.
Nyumba ikawa inaning'inia hewani,
haina jabali, haina pa kuweka mguu.
Baba alikuwa bado yuko kwa shangazi Effie,
akiondoa theluji juu ya paa.
Mama akatazama huku na huku.
Akatazama ndoano nyuma ya mlango.
Sisi tukatazama dari.
Mkasi hauna masikio.

Umeme ukarudi Jumamosi, bila kuomba radhi.
Jumapili, kengele ya kwanza:
"Tryphena, iko wapi ile suruali yangu ya harusi?"
Friji ikanguruma.
Dulcie akajifunga kamba ya kiatu
kilichokwisha kufungwa.
Lije, kinywa kimejaa mkate:
"Umeikanyaga, Baba."

Akatazama chini.
Akapiga magoti polepole, goti moja, la pili,
akapitisha kiganja juu ya jabali
akilitafuta jambo ambalo sisi hatulijui.
Karibu na ukingo akasimama kidole.
"Hili doa," akasema. "Divai. Ulinimwagia wewe,
ulipokuwa ukimcheka kaka yangu."
"Ulikuwa unacheza vibaya kuliko yeye," Mama akasema.

Suruali ile haijampita mapajani
tangu Lije azaliwe, na kila mtu alilijua hilo,
pamoja na suruali yenyewe.
Akavua soksi. Akasimama juu yake peku,
vidole kumi vimejipanga ukingoni mwa ghuba.
"Basi," akasema, "leo imenitosha."

Kanisani alikwenda na ya kazini,
yenye rangi ya kijani kwenye goti,
na Mama nyuma yake, kimya, hatua kwa hatua,
akilitazama koti.