Nguo za Ubelinda

Siku saba kaskazini, siku saba kusini.
Hivyo ndivyo mgodi wa shaba ulivyonikata
kama mkate, bila kuuliza nani ana njaa.

Kusini, kisiwani Chiloe, mvua haiji,
kwani haijawahi kuondoka.
Ipo ya rasharasha, ipo ya kupiga mashavu kwa ubavu,
ipo ile isiyoonekana, ukaijua tu
kwa ukosi wa shati.
Jirani hakuulizi umeamkaje,
anakuuliza kuni zimebaki ngapi.
Nepi za Amparo hukaa juu ya jiko siku tatu,
zikishuka zina moshi, na unyevu bado zinao.
Soksi zangu huota ukungu.

Huo huo ukungu, kule pwani ya jangwa,
watu huutegea nyavu milimani
wapate maji ya kunywa.

Mjini Calama nimepanga chumba
kwa Eufrasia Ayaviri, mwenye paa bapa kama meza.
"Niliinamishe la nini?" aliniambia.
"Kuna kinachoteremka?"
Maji yaliyoosha mchele huosha vikombe,
ya vikombe hupiga deki,
ya deki huenda kwa mti mmoja mlangoni,
mti ambao mtaa mzima huusalimu.
Mara ya mwisho kunyesha, anasema,
ilikuwa nusu saa.
Shule zikafungwa siku mbili.
Mjukuu wake akakimbilia uvunguni akilia
kwamba mbingu imetoboka.

Basi Julai ile, wiki ya tatu bila kituo,
Ubelinda alisimama katikati ya jiko letu.
Kamba sita. Nguo zimening'inia
kama watu wanaongoja hukumu.
Hakusema kitu.
Akalishika begi langu la safari, akatoa viatu,
akasindilia mashuka mabichi, nepi, sweta ya baba yake,
yote ndani ya mifuko ya nailoni.
"Nenda nazo," akasema. "Jua la huko
mnalipia?"

Feri, basi, ndege mbili.
Begi likapanda mizani: kilo ishirini na tatu,
na nane kati ya hizo zilikuwa mvua.
"Umebeba nini humu?" karani akauliza.
Nikamwambia, hali ya hewa.

Wenzangu wa zamu walicheka hadi wakakaa chini.
Walinipa jina; silirudii hapa.
Eufrasia hakucheka.
Alipanda nami juu ya paa na kamba yake ya waya,
akalishika shuka kwa viganja vyote viwili
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Kisha akashuka. Nikadhani ameudhika.
Akarudi na makopo manne ya maziwa ya unga,
akayapanga chini ya kamba, moja moja,
akachuchumaa kusikiliza.

To. Kimya.
To.

Robo saa tu, basi; jua la pale halina subira.
Nguo zikakauka kau, zikasimama zenyewe.
Makopo yote manne hayakujaza kikombe,
lakini aliyashusha ngazini kwa hatua za bibi harusi,
na mti ukanywa maji ya kisiwa
ambacho hautakiona.

Nyumbani, Ubelinda alilifungua begi,
akalivunja shuka kama biskuti, akanusa.
"Kavu," alikiri. "Lakini halina mtu ndani."
Sweta ya baba yake akaitundika tena juu ya jiko,
usiku mmoja tu, ipate moshi, imtambue mwenyewe.
Vumbi la jangwa likadondoka kwenye sufuria ya viazi.
Tukala hivyo hivyo.

Nilimsimulia habari za makopo
mvua ikigonga vigae vya mbao.
Aliendelea kumenya.
Nikaona hakusikia.

Safari iliyofuata
mashuka hakuyakamua.
Nililipia uzito.